Sale la Kijani Katikati ya Rangi

Bwana Mungu, wewe unayeufunika Mlima Meru kwa ukungu asubuhi na kuufunua jioni, wewe ambaye hukuona shida kuweka wekundu, unjano na zambarau katika jani moja dogo, jina lako litukuzwe. Umeniachia macho yanayoona rangi, ingawa Biblia siku hizi naisoma kwa miwani. Nakushukuru kwa wazazi ulionipa, na kwa subira uliyowafundisha mbele yangu kabla sijajua kuwa ile ni subira.

Wiki iliyopita binti yangu Neema alikuja hapa kwangu Usa River akiwa na fundi wa bustani. Njiani alikuwa amesimama kwa wauza miche, na gari lake lilipofunguliwa nyuma nilidhani amebeba vitenge. Kulikuwa na krotoni za njano zenye madoa kama zimemwagiwa rangi ya ukuta, nyingine nyekundu iliyokolea, na majani mapana yenye umbo la moyo, meupe, yenye mishipa ya waridi. Fundi, mtu mzima mwenye adabu aitwaye Loishiye, aliniamkia, akazunguka ua na jembe begani, kisha akasimama mbele ya sale langu, mmea wa majani marefu ya kijani kitupu.

"Bibi, hili tuling'oe?"

"Limekukosea nini?"

Akacheka. "Halijanikosea, bibi. Ila halina rangi. Hapa ni katikati kabisa. Tukiweka ile krotoni kubwa ya njano, mgeni akiingia tu getini, jicho linakwenda pale."

"Na kweli, mama," Neema akadakia. "Halafu linafanana na la makaburini."

Nikawaambia waende kwanza wakanywe chai. Walipoondoka nikainama. Jembe alilolitua Loishiye lilikuwa limegusa jani moja la chini, likachanika, na harufu yake mbichi ikapanda pamoja na harufu ya samadi iliyolowa. Ninyi wa umri wangu mnajua jinsi harufu inavyoweza kumshika mtu mkono na kumrudisha alikotoka. Nilikuwa Kimandolu, kule Arusha, sijang'oa hata meno ya utoto yote, nimesimama mbele ya mmea uleule na nimefunga mdomo juu ya siri kubwa.

Nilizaliwa Arusha, lakini nililelewa kwanza na bibi yangu huko Machame, kama ilivyokuwa kwa wazaliwa wengi wa kwanza. Nyumba ya bibi ilikuwa ndani ya migomba, na kihamba chake, shamba la ukoo, kilizungukwa na masale. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kupita bila kuyatazama mara mbili. Ni mimea ya shina jembamba na majani marefu ya kijani yaliyoning'inia, haina ua la kujivunia wala tunda. Lakini kwetu masale ndiyo yanayosema shamba la nani linaishia wapi, na mtu mwenye akili zake hayahamishi.

Yalikuwapo pia mengine, nyuma ya nyumba, yaliyosimama kwa kuzunguka, na mawe kando yake, badala ya kufuata mstari. Hapo ndipo alipolala babu. Bibi hakuturuhusu kuchuma hata jani. Kila alipopita na kapu lake la majani ya ng'ombe alipunguza mwendo, akasema maneno machache kwa Kichaga, kisha akaendelea. Hakuna aliyenifundisha kwa maneno, ila nilijifunza: sale likiwa kwenye mstari ni mpaka, na sale likiwa limezungushiwa mawe, kuna mtu chini yake. Nilikuwa na uhakika na jambo hilo kuliko nilivyokuwa na uhakika na meza ya kuzidisha baadaye.

Mama akaja kunichukua nikaanze shule. Sikumjua sana. Nilimjua kwa harufu ya sabuni na kwa mikate aliyoleta Krismasi. Baba nilimjua kidogo zaidi ya hapo: mabega mapana, viganja vigumu, na sauti nzito iliyoniita "mwanangu" hata aliposahau kunitaja jina. Alikuwa fundi wa magreda, mitambo ya kusawazisha barabara.

Tulipofika Kimandolu niliduwaa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na bati lenye kutu, lakini mbele yake kulikuwa na bustani ambayo sikuwahi kuiona mfano wake. Machame yote ni kijani, kijani cha kila namna. Hapa majani yalikuwa yamekataa kuwa kijani. Krotoni zilisimama kando ya ukuta ambako jua lilipiga mchana kutwa, maana mama alisema zikikaa kivulini zinasahau rangi zao. Chini ya mgomba mmoja mkubwa, kwenye kivuli, aliweka yale majani laini kama kitambaa cha mahameli, zambarau yenye ukingo wa kijani, ndani ya makopo ya samli yaliyotobolewa chini kwa msumari. Kando ya njia alipanda yale ya zambarau tupu yatambaayo, ambayo ukivunja kipande na kukisahau chini, ukirudi unakikuta kimeshika udongo.

Mama aliyatunza kama mtu anayelea. Mvua zilipokaribia alikata vichwa vya mimea akavichomeka kwenye mchanganyiko wa udongo mweusi, mboji na samadi. Yale ya mahameli yalipotoa vijiua vyembamba juu, alivibana kwa kucha akavitupa. "Yakitoa maua yanachoka," aliniambia. "Sisi tunataka majani." Na kila Jumamosi alasiri, vumbi la kiangazi likiwa limetanda, alichukua kitambaa na bakuli la maji akafuta majani ya krotoni moja moja, kama mtu anayewanawisha watoto uso kwa ajili ya ibada ya kesho. Kazi hiyo alinigawia mara moja. Ndiyo iliyotufanya tuzoeane.

Lakini katikati ya rangi zote hizo, mahali ambapo jicho lilienda kabla halijaenda kwingine, palikuwa na sale. La kijani kitupu. Limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Nililitazama, nikatazama nyumba, nikauliza, "Mama, baba yuko wapi?"

"Baba yako yuko mbali, Aika. Tumwombee."

Basi nikajua.

Msicheke. Tafuteni ndani yenu yule mtoto mliyekuwa, mnipe haki yangu. Watu wazima wa wakati ule hawakuwaambia watoto habari za kifo. Waliposema mtu yuko mbali, au amesafiri, sisi tulihesabu wenyewe nani amepungua mezani. Na kila siku iliyofuata iliniletea ushahidi mwingine. Mama alipomwagilia jioni, alianza na sale kabla ya mimea yote. Akishalimwagia alisimama, ndoo mkononi, midomo ikicheza bila sauti, kama bibi kule nyuma ya nyumba. Usiku katika sala alisema, "Bwana, umtunze huko aliko," na mimi nilijua ni wapi huko, kwa sababu mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alikwisha kutueleza, hata barabara zake ni za dhahabu. Nikafikiri, magreda hayatakuwa na kazi kule.

Tena kulikuwa na Mama Elibariki, jirani yetu Mmeru, ambaye shamba lake lilipakana na ua wetu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyetuletea samadi kwa karai na kuondoka na vipande vya mimea. Alimtania mama bila kuchoka. "Mama Aika, wewe Mchaga gani hulimi hata mchicha? Utampikia mtoto krotoni?" Mama alicheka. Lakini siku moja niliwaona wamesimama mbele ya sale wakisema kwa sauti ya chini, na Mama Elibariki hakuwa akitania. Alimshika mama bega.

"Pole, mwenzangu. Bado tu?"

"Bado. Nimemwachia Mungu."

"Atajua tu. Mungu atamjulisha."

Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba na kopo langu. Sikuelewa ni nini ambacho baba angejulishwa akiwa mbinguni, lakini nilielewa machozi ya mama, aliyoyafuta kwa upesi kwa ncha ya kanga. Nikaamua kutomuuliza tena. Kama yeye alikuwa ananificha ili nisilie, na mimi nitajificha ili asijue kwamba najua. Nafikiri huo ndio upendo wa kwanza niliompa mama yangu kwa kukusudia.

Ila baba nilimhurumia. Alilala pale peke yake, hana hata wa kumwamkia. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mama akiwa jikoni nyuma na moshi wa kuni, nilisimama mbele ya mawe meupe, nikaunganisha viganja na kusema, "Shikamoo, baba." Nilingoja kidogo, kwa muda ambao mtu mzima angehitaji kuitikia. Kisha nikamwambia habari. Nilimwambia kwamba nimejua kusoma silabi. Nilimwambia kwamba krotoni ya kona imetoa jani jipya, limeanza kijani na sasa linageuka. Kuku wa Mama Elibariki alipoingia kuchakura ndani ya mawe nilimkimbiza hadi kwao nikilia kwa hasira, na mwenye kuku alibaki mlangoni ameshika kiuno.

"We mtoto, kuku amekula nini cha kwenu, dhahabu?"

Nilirudi nikasawazisha udongo kwa mikono yangu.

Msimu wa baridi ukapita, ule wa ukungu unaoshuka kutoka Meru na kukaa siku nzima juu ya mabati. Yale majani mapana yenye umbo la moyo yalilala chini yakaoza, nikadhani yamekufa, na mama akaniambia yamepumzika tu ndani ya udongo. Nilimtazama sana aliposema hivyo. Nilifikiri ameanza kunieleza.

Joto lilirudi, mvua za vuli zikanyesha, na kweli yakachomoza, yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Bustani ikawaka. Asubuhi moja, udongo ukiwa bado umelowa, nilisimama mahali pangu na sare yangu ya shule, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilikuwa nzito, na ilitoka nyuma yangu, lakini mimi sikujua nyuma wala mbele. Niligeuka. Alikuwa amesimama getini na begi la turubai, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara za kusini lililogeuka tope, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Hakunitazama mimi. Alilitazama sale, na uso wake ulikuwa umelowa.

Nilikimbia kuzunguka nyumba nikipiga kelele ambazo, nadhani, zilisikika hadi barabarani. "Mama! Mama! Baba amefufuka!"

Mama alikuwa ameshika sufuria ya uji. Uji ukaenda chini. Hakuniuliza nasema nini. Alitoka mbio pekupeku, akapita kando ya nyumba, na alipofika mbele alisimama ghafla kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto. Baba alikuwa bado palepale getini, hajaingia.

"Mama Aika," alisema, "umelipanda."

"Nimelipanda."

"Nilidhani umelitupa."

"Ningelitupaje?"

Basi. Hayo ndiyo maneno yote niliyoyasikia. Baba akaweka begi chini, akaingia, na mama akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi ndogo huku akicheka na kulia, "Mbona hukusema unakuja? Mbona hukusema?" Nami nikawa katikati yao, nimeshika suruali ya baba kwa mikono miwili, nikiikagua kama ni kitambaa cha kweli.

Siku ile sikwenda shule. Mama Elibariki alisikia kelele akaja na karai tupu, na ni yeye aliyekamilisha hadithi jikoni, mbele ya wahusika wenyewe, huku akila ndizi alizopikiwa baba kana kwamba alialikwa.

Ilikuwa hivi. Kabla sijaletwa, mama alikuwa na bustani nyingine mahali palepale, ya kwanza, aliyoianza na vipande alivyoombaomba kwa watu tangu alipoolewa. Siku moja baba alirudi kazini amechoka, akachukua jembe, akaing'oa yote ili apande mahindi. Mama alipomkuta na kumlilia, baba akasema, mbele ya watu, "Tutakula rangi?" Mama hakumjibu neno. Hakumjibu siku ile wala zilizofuata. Alipika, alifua, aliomba, lakini hakusema naye. Kisha baba akaitwa kwenye kambi ya barabara huko kusini, ya kukaa muda mrefu, na akaona kwamba ataondoka na kimya kile.

Kwetu Uchagani, mtu aliyekosa akitaka msamaha huenda na jani la sale mkononi. Halihitaji maelezo marefu. Anayelipokea anajua anaombwa nini, na kulikataa ni jambo zito sana. Lakini Kimandolu baba hakuwa na sale. Aliyekuwa nalo ni jirani.

"Alfajiri!" alisema Mama Elibariki. "Natoka kukamua, naona mtu ameinama kwenye mpaka wangu, anavunja sale. Nikasema, Mungu wangu, huyu Mchaga ameanza! Leo anavunja sale, kesho atasogeza shamba!"

"Nilikuamkia," baba alisema kwa aibu.

"Uliniamkia huku unakimbia! Na mtu anachukua jani moja, baba. Wewe umevunja kichwa kizima na shina lake. Mkono wa greda huo."

Tulicheka wote. Hata mimi, ingawa kichwa changu kilikuwa bado kinajipanga upya. Baba alimkabidhi mama kile kichwa cha sale mlangoni, gari la kazini likipiga honi barabarani. Mama alikipokea, lakini kinywa chake kilikuwa kimekaa kimya muda mrefu mno, hakikufunguka upesi. Baba akaondoka bila kujua kama amesamehewa. Na mama akabaki na neno alilokuwa nalo tayari mdomoni, mtu wa kuambiwa akiwa amekwisha kwenda mahali ambako hata salamu zilifika kwa bahati.

Angekuwa baba amechuma jani moja kama desturi, lingekauka mezani. Kwa sababu ya mkono wake wa greda, lilikuwa na shina. Mama akalichomeka katikati ya yale matuta ya mahindi, likashika. Mahindi yalipovunwa hakupanda mengine. Alianza upya kuomba vipande kwa watu, akapanda rangi zote kulizunguka, ili mwenye kulileta akirudi, kabla hajafungua mdomo, jibu lake alione tangu getini.

Mimi nililisoma kama kaburi. Lilikuwa neno la msamaha, limesimama pale likimngoja mtu.

Usiku katika sala baba aliomba mwenyewe, kwa maneno machache ya mtu asiyezoea, na mama aliposema "umtunze" alicheka katikati ya sala, akaomba radhi kwa Mungu, akaendelea. Baba hakung'oa tena mmea katika ua ule. Miaka ya uzee wake alikuwa yeye anayefuta krotoni Jumamosi, kitambaa kimepotea ndani ya kiganja chake, akilalamika kwamba vumbi la Arusha halina adabu.

Waliitwa nyumbani kila mmoja kwa wakati wake, baba kwanza, mama akafuata. Wamelala Machame, nyuma ya ile nyumba iliyokuwa ya bibi. Mimi ndiye niliyekata vichwa vya sale kutoka Kimandolu nikavifunga kwa jani la mgomba, nikapanda kuwazunguka wote wawili. Shina moja lilibaki mkononi, nikaja nalo hapa Usa River. Kwa hiyo Neema hakukosea. Ni la makaburini. Ila lilipitia njia ndefu kabla ya kufika huko, na mtoto mmoja alilifanya la kaburi kabla ya wakati wake.

Walipomaliza chai niliwasimulia, kwa ufupi kuliko nilivyowasimulia ninyi. Loishiye alivua kofia. Neema alikuwa hajui, maana mambo haya tunayaweka mpaka harufu fulani ituite. Kisha fundi akauliza, "Sasa bibi, tufanyeje?"

"Liache hapohapo," nikasema. "Hizo rangi zako zipange kulizunguka. Za njano upande wa jua."

Amepanga vizuri sana. Asubuhi hii ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, na majani ya krotoni yalikuwa na matone. Nilitoka na fimbo yangu, nikalimwagilia sale kwanza, kabla ya mengine, kama nilivyofundishwa bila maneno. Nikaunganisha viganja. "Shikamoo, baba. Shikamoo, mama." Nikangoja kidogo, kwa muda ambao mtu mzima angehitaji kuitikia. Sina haraka. Niliwahi kuitikiwa mara moja, na Bwana aliyeiamuru asubuhi ile bado yuko kwenye kiti chake cha enzi. Siku yake ikifika, sauti itakuwa nyuma yangu, nami nitageuka.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akuangalie mlangoni mwako. Kama kuna neno la amani limekukaa mdomoni, akupe nafasi ya kulisema wakati anayestahili kuambiwa angali anasikia. Na kama kuna mtu unayemngoja, akulindie mizizi mpaka atakapofika getini. Amina.